Mbizi ya kwanza kutoka botini: kinachoharibika, kwa nini, na ufanyeje

Cheti unacho, mazoezi ya bwawani na ya ufukweni umeyamaliza, sasa imebaki boti. Wengi hudhani tofauti ni usafiri tu. Mimi nimekaa miaka kwenye boti za wazamiaji Nungwi, kwanza nikibeba mitungi, baadaye nikiongoza watu majini, na nimeona kwamba karibu kila lililomharibikia mgeni kule chini lilikwisha kuanza juu, botini. Mwenyewe alilijua akanyamaza. Hasa sisi watu wa pwani. Mgeni kutoka Ulaya akichafukwa na moyo, boti nzima itasikia. Mtoto wa Kendwa au wa Likoni huona haya kusema bahari imemlewesha, ilhali babu yake alikuwa nahodha.

Malalamiko nimeyapanga kwa mfuatano wa siku yenyewe, tangu kung'oa nanga mpaka kurudi nyumbani, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi. Palipoandikwa SIMAMA hapana mjadala: mbizi ya leo imekwisha, hata kama umelipa, hata kama wenzako wamekwisha kuruka.

Moyo unachafuka hata kabla ya kufika

Kosa kubwa si mawimbi, ni kuinama. Boti imefungwa kwenye boya, inayumba, nawe umeinamisha kichwa ukihangaika na mikanda ya jaketi (lile la kujaza hewa ili uelee) na mapezi. Macho yanaona kitu kilichotulia, sikio la ndani linasema tunapepesuka, na ubongo ukishindwa kujua nani mkweli, tumbo ndilo linalolipa. Sababu ya pili ni moshi wa injini. Ya tatu ni chakula: ama hukula kitu, ama umekula chapati za mafuta na maharage ya nazi alfajiri ile ile. Ya nne ni hofu, ambayo huvaa nguo za kichefuchefu vizuri sana.

Anza na mepesi. Funga vifaa vyako vyote pwani, au wakati boti bado iko kwenye maji tulivu ndani ya mwamba, ili mkifika ibaki kuvaa tu. Kaa katikati ya chombo. Omo, mbele, hupanda na kushuka mno, na tezi, nyuma, mara nyingi ndiko moshi unakolala. Kazia macho nchi kavu. Mkielekea Mnemba, ule mchanga mweupe wa kisiwa unatosha. Tafuna tangawizi au mkate mkavu. Simu iache mfukoni.

Vidonge vya kuzuia kichefuchefu hufanya kazi vikimezwa mapema, saa moja au zaidi kabla ya safari, si baada ya kuanza kutapika. Vingi huleta usingizi, na usingizi chini ya maji ni balaa. Mwulize mfamasia au daktari, mwambie wazi kwamba unakwenda kuzamia, na kidonge usichokijua kijaribu siku ambayo uko nyumbani.

Ikishindikana, tapika. Nenda upande wa demani, upepo ukiwa mgongoni. Anayetapikia goshini huwaogesha wenzake, na nahodha hatamsahau. Wengi hupata nafuu hapo hapo, na nafuu zaidi wakishashuka mita chache, maana msukosuko hubaki juu. Kichefuchefu kikikushika ukiwa chini, rigyuleta, kile kifaa cha mdomoni unachopumulia hewa ya mtungi, usiitoe. Ishikilie mdomoni kwa mkono, tapikia humo humo, kisha bonyeza kitufe chake cha mbele kuisafisha kabla ya kuvuta pumzi. Inachukiza lakini inafanya kazi, na samaki huja kushukuru.

Msimu nao una neno lake. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, huipiga ncha ya Nungwi uso kwa uso. Kusi, katikati ya mwaka, husumbua zaidi upande wa mashariki. Kama mbizi yako ya kwanza inaweza kungoja tangambili, majira ya kati ya pepo hizo mbili, hasa Oktoba na Novemba, ingoje.

SIMAMA ukiwa umetapika mara kadhaa, umelegea, unaona kizunguzungu hata ukikaa, au maji hayakai tumboni. Kuishiwa maji mwilini huhesabiwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya maradhi ya wazamiaji, yaani mapovu ya naitrojeni mwilini. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu akiniuliza kuhusu mbizi ya kwanza mchana wa Ramadhani, humwambia mwamba utakuwepo mpaka Mfunguo Mosi.

Vifaa vinagoma kabla hujaruka

*Mtungi unapiga mluzi ukifunguliwa.* Mara nyingi ni oringi, ule mpira mdogo wa mviringo kwenye mdomo wa koki. Umekauka, umechanika, au umeingia mchanga. Funga koki, bonyeza rigyuleta mpaka hewa iishe, fungua, tazama, badilisha. Boti inayojiheshimu ina kichupa cha oringi za akiba. Mluzi ukiwa unatoka kwenye mwili wa rigyuleta na si kwenye kiungo, hiyo ni kazi ya fundi: omba nyingine.

*Sindano ya geji (kipimo cha hewa mtungini) inacheza.* Hapa soma mara mbili. Ukishavaa, tia rigyuleta mdomoni, vuta pumzi nne nzito huku macho yako kwenye geji. Sindano ikitulia, vyema. Ikianguka kila unapovuta na kupanda unapoacha, koki haikufunguliwa sawasawa. Juu ya boti hewa itakutosha na hutashtuka. Mita 15 chini, ambako kila pumzi hubeba hewa mara mbili na nusu ya hii ya juu, itakukatalia. Zamani watu walifundishwa kufungua koki yote kisha kuirudisha robo. Mwenye haraka huchanganya upande, akaifunga yote na kuifungua robo, tena mara nyingi ni mtu mwingine anayekusaidia kwa nia njema. Fungua yote, basi.

*Rigyuleta inamwaga hewa mara tu ukigonga maji.* Mdomo wake umeangalia juu. Ugeuze uangalie chini au uzibe kwa kidole, itanyamaza. Isiponyamaza, panda ngazi.

*Hewa ina harufu ya mafuta au ya moshi.* SIMAMA. Kompresa, mashine ya kujaza mitungi, iliyovuta moshi wa injini yake yenyewe hujaza mitungi kaboni monoksaidi, na gesi hiyo haina harufu wala ladha. Kile unachokinusa ni msafiri mwenzake tu, lakini huenda ndicho onyo pekee utakalolipata. Usibadilishe kwa mtungi mwingine uliojazwa na mashine ile ile siku ile ile.

Wenzako wamezama, wewe unaelea

Kila mtu hukimbilia kuomba risasi zaidi, vile vizito vya kukuzamisha, na hiyo ndiyo sababu ya mwisho kwenye orodha yangu. Ya kwanza ni mapafu. Mwenye hofu huvuta pumzi kubwa na kutoa ndogo, na kila lita ya hewa uliyoizuia kifuani inakubeba karibu kilo moja kwenda juu. Ya pili ni jaketi: unabonyeza kutoa hewa lakini mpira wake hukuuinua kuliko bega, au umelala kifudifudi, hewa imejificha mgongoni. Ya tatu ni miguu. Unapiga mapezi bila kujijua, na mapezi hayaulizi, yanakupeleka kichwa kilikoelekea.

Basi simama wima majini, pishanisha miguu, mmoja juu ya mwingine, ili itulie, inua mpira wa jaketi juu, na toa pumzi ndefu kama anayepuliza moto wa kuni mbichi. Toa, toa tena, halafu ngoja kidogo kabla ya kuvuta. Suti ya mpira ikiwa mpya au kavu hushika mapovu, kwa hiyo ijaze maji shingoni kwanza. Baada ya yote hayo ndipo uongeze risasi, kilo moja kwa mara.

Kipimo chenyewe: jaketi tupu, pumzi ya kawaida umeishikilia, maji yawe usawa wa macho. Ila mtungi wa alumini ukikaribia kuisha huwa mwepesi kwa kilo mbili hivi kuliko ulipoanza, ndiyo maana mtu aliyezama vizuri asubuhi anashindwa kutulia kwenye mita 5 za mwisho. Ukipima na mtungi uliojaa, zifikirie kilo hizo. Usizidishe lakini. Mwenye risasi nyingi hujaza jaketi hewa nyingi ili aelee, na kila akipanda kidogo hewa hiyo hutanuka na kumrusha juu.

Maski: ukungu na maji

Ukungu kwenye maski mpya ni utando wa kiwandani. Isugue kwa dawa ya meno siku kabla ya safari, mara mbili tatu. Baada ya hapo mate yanatosha, ukisuuza kwa maji ya bahari. Krimu ya jua uliyojipaka kwenye paji la uso nayo hushuka na kuchafua kioo.

Maji yakipenya, kabla ya kukaza mkanda tafuta kilichoingia chini ya ukingo: nywele, masharubu, ukingo wa kofia ya suti. Kwa dada zetu wanaojifunika, mara nyingi ni mtandio wenyewe. Ukingo wa maski ukae juu ya ngozi tupu pande zote, mtandio urudi nyuma ya mstari huo. Mkanda uliokazwa mno huvuja zaidi na kukupa maumivu ya kichwa.

Sikio limekataa

Hapa ndipo haya zinapoumiza watu. Kijana mmoja, mzaliwa wa hapa hapa, mtoto wa mvuvi, alishuka nami sikio likimuuma toka mita 2. Alinionyesha ishara ya salama mara tatu. Juu nikamwuliza, "Mdogo wangu, mbona hukusema?" Akanijibu, "Niliona wageni wanashuka tu, kaka." Wiki tatu hakuingia majini.

Elewa kwanza kwa nini ni mita za mwanzo. Kutoka juu mpaka mita 10 mgandamizo unaongezeka mara mbili, kutoka baa 1 (kipimo cha mgandamizo, sawa na ule wa hewa ya juu) hadi 2. Mita 10 zinazofuata zinautoa baa 2 hadi 3, yaani ongezeko la nusu tu. Mwenye kuumwa na sikio huumwa karibu na uso wa maji, wakati bado anafikiria picha.

Sababu inayoongoza ni kuchelewa: mtu hungoja maumivu ndipo abane pua. Ukishasikia maumivu, mrija unaounganisha sikio na koo umekwisha kubanwa, na kupuliza kwa nguvu huufunga zaidi. Inayofuata ni mafua, hata yale ya "yamekwisha, imebaki makamasi kidogo". Kisha kushuka kichwa mbele. Kisha sikio moja ambalo kwa maumbile yake ni zito kuliko jingine, jambo la kawaida kabisa. Mara chache ni kofia ya suti iliyobana au nta iliyoziba tundu la nje.

Namna ya kufanya: meza mate ukiwa bado botini, ujue leo masikio yana hali gani. Bana pua na upulize taratibu ukiwa juu ya maji, kabla ya kuanza kushuka. Shuka miguu mbele ukishika kamba ya boya, na ulirudie kila nusu mita, bila kungoja kuhisi kitu. Sikio zito, linyooshee shingo: likigoma la kulia, inamisha kichwa kushoto kisha meza mate huku umebana pua. Likikataa, panda mita moja, jaribu tena. Likikataa tena, panda tena. Ishara yake ni kiganja kinachoyumba, kisha kidole kwenye sikio, na kiongozi anayekunja uso akiiona hafai kuongoza watu.

Vizibo vya masikio usitumie kabisa. Dawa za kuzibua pua nazo zina mtego: nguvu zake zikiisha ukiwa chini, hewa iliyoingia haipati njia ya kutoka unapopanda. Hilo likikutokea, sikio likauma wakati wa kurudi juu, shuka kidogo, meza mate, tikisa taya, panda polepole mno. Hewa ya mtungi ndiyo itakayokupangia muda, kwa hiyo mwambie kiongozi mapema.

SIMAMA: maumivu makali yaliyokatika ghafla pamoja na ubaridi sikioni na dunia kuzunguka, mlio usiokwisha, kusikia kupungua, kizunguzungu ukiwa umesharudi botini. Shika kamba mpaka mzunguko utulie, panda na mwenzako. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyo hiyo, na usitie tone lolote sikioni kabla hajalitazama. Si mafuta ya nazi wala kitunguu.

Hewa yako inakwisha, wenzako wana nusu

Fanya hesabu mara moja, utatulia. Mtungi wa lita 12 kwenye baa 200 una lita 2,400. Ukibakiza baa 50 za kurudi nazo, unazo 1,800 za kutumia. Mtu anayepumua lita 20 kwa dakika akiwa juu, kwenye mita 18 anatumia 56, yaani dakika 32 hivi. Mwenye wasiwasi anayepumua lita 30 anapata 21. Kwenye mita 10 yule wa kwanza angekaa 45. Chombo ni kile kile, kilichobadilika ni kina na moyo.

Kwa hiyo wasiwasi ndio sababu ya kwanza. Nyingine ni kuogelea kwa mikono, risasi nyingi, kuanza kushuka huku bado unahema baada ya kuruka, na baridi, ambayo watu wetu huidharau kwa kuwa maji yana nyuzi 25 au zaidi. Ukisharuka, shika kamba, pumzika dakika moja juu. Chini, kaa juu kidogo ya kiongozi wako. Usijaribu kuiba hewa kwa kuzuia pumzi: utatoka na kichwa kinachogonga, na kuzuia pumzi huku ukipanda kunaweza kupasua pafu.

Ukihisi hewa haitoshi na geji inasema ipo, acha kila kitu. Shika mwamba usio na uhai au kamba, toa pumzi yote taratibu, kisha vuta. Mara tatu nne. Ikiendelea, mwonyeshe mwenzako na mpande pamoja. SIMAMA kabisa ukikohoa, kifua kikibana, au ukitema povu lenye damu: hapo ni juu, oksijeni, hospitali.

Umeibuka, boti iko kule

Kwanza tazama kalenda ya mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji kujaa na kupwa sana, na bamvua huleta mkondo. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ndiyo siku za mwanafunzi. Mafia, mlango wa Kinasi wa kuingilia ghuba ya Chole huzamiwa kwa kufuata kujaa kwa maji. Leven Bank, kati ya Unguja na Pemba, ina mkondo mkali na kina. Mbizi ya kwanza haiendi huko hata ukibembelezwa.

Ukiwa umeibuka mbali, jaza jaketi, acha rigyuleta au kipumulio (mrija wa kupumulia juu ya maji) mdomoni, simamisha boya la ishara, piga filimbi. Usipigane na mkondo. Mkono juu ya kichwa maana yake uko salama, kupunga ni kuomba msaada. Kila mwaka kuna mtu anayempungia nahodha kwa furaha, boti ikaja mbio. Ngoja injini izimwe au iwekwe huru kabla ya kukaribia, maana rafadha haioni. Na usielee chini ya mwenzako anayepanda ngazi: mtungi ukichomoka, kichwa chako ndicho sakafu.

Umerudi botini, mwili una neno

Damu kidogo kwenye maski, bila maumivu, kwa kawaida ni mshipa mdogo wa pua au tundu za uso zilizobanwa. Macho mekundu ni maski iliyonyonya: hukutoa hewa puani wakati wa kushuka. Yote mawili hupona yenyewe, ila yakijirudia, au uso ukiuma, mwone daktari kabla ya mbizi nyingine.

Maumivu ya viungo, ganzi, vidole kuchonyota, upele wenye madoa, udhaifu wa mguu mmoja, kushindwa kukojoa, uchovu usio na kipimo: haya ni mapovu ya naitrojeni mpaka daktari aseme vinginevyo. Mengi hujitokeza ndani ya saa chache, mengine hadi siku nzima baadaye. Aliyeibuka akazimia au akapooza ndani ya dakika chache huenda amepasukiwa na pafu. SIMAMA. Mlaze, mpe oksijeni safi, anywe maji kama ana fahamu, asirudishwe majini "kuyayeyusha" kama wazee wanavyoshauri, na apelekwe hospitali huku mkiulizia chumba cha mgandamizo, cha kutibia maradhi haya, kilicho karibu. Oksijeni ipo botini? Chumba kiko wapi? Maswali hayo uyaulize pwani, kabla ya kulipa.

Safari ya kurudi nayo ihesabu. Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, linashauri kungoja saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 ukiwa umezamia zaidi ya mara moja au siku kadhaa. Ndege ndogo ya Zanzibar kwenda Arusha imo. Anayezamia Diani asubuhi na kupanda basi la Nairobi jioni naye anapanda zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari kabla ya kupambazuka, kwa hiyo tiketi ikatwe ya kesho yake usiku.